Ile pumzi kwenye kioo ndiyo galaksi: jibu kwa mwalimu wa Singida

*Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Singida. Mwaka jana nilipata darubini ya macho mawili ya 10x50, na Kilimia kilinifurahisha sana: kwa macho matupu nahesabu nyota sita, kwa darubini zaidi ya thelathini. Lakini galaksi zimenishinda. Novemba nilitafuta Andromeda nikaona kitu kama pumzi kwenye kioo, si ule mzunguko wa rangi ulio vitabuni. Machi nilitafuta zile za kundinyota la Mashuke nikaambulia patupu. Mjini kuna duka lenye darubini ya bomba, kioo milimita 60, wanasema inakuza mara 675. Je, yangu ina kasoro? Ninunue hiyo? Na wanafunzi wameniuliza kama Kilimia ni galaksi ndogo. Sikuwa na jibu la uhakika.*

Mwalimu, darubini yako ni nzima, na ile pumzi kwenye kioo ndiyo galaksi yenyewe. Bomba la mara 675 liache palepale dukani. Kilimia si galaksi, ni fungunyota, na tofauti yake nitaieleza. Lakini kuna jambo hukuliuliza ambalo nadhani litakufaa kuliko yote hayo: umekuwa ukitazama upande ulioelekezwa na vitabu, na vingi vya vitabu hivyo vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao anga lao la kusini limekatwa na upeo wa macho. Wewe uko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Vitu vinono kuliko vyote vya aina unayoitafuta vilikuwa kisogoni kwako.

Nianze na bomba, maana hela ikishatoka kurudi ni kazi. Watu hudhani darubini ni ya kukuza. Kwanza kabisa ni ya kukusanya nuru, na kioo cha mbele ndicho mdomo wake: kikiwa kipana inakunywa nyingi, kikiwa chembamba inakunywa kidogo, na hiyo kidogo ndiyo itakayotandazwa kwenye ukuzaji wowote utakaoutaka. Kijiko kimoja cha sukari kikombeni ni chai, ndooni ni maji. Ukikuza galaksi mara 675 kwa kioo cha milimita 60, umetia kijiko kimoja kwenye pipa.

Hesabu yake hata kidato cha kwanza wanaiweza. Gawanya upana wa kioo kwa ukuzaji, utapata upana wa mwale unaotoka kwenye darubini kuingia jichoni. Yako ni 50 gawanya kwa 10, yaani milimita 5. Mboni ya mtu gizani hufunguka milimita 5 hadi 7 kutegemea umri, kwa hiyo unapata karibu yote ambayo jicho linaweza kupokea. La dukani ni 60 gawanya kwa 675: haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo Mwezi wenyewe unageuka ukungu. Wenye uzoefu hawazidishi ukuzaji zaidi ya mara mbili ya milimita za kioo, maana yake la milimita 60 likomee 120, na kwa galaksi hata hizo ni nyingi mno.

Nami niliwahi kuuziwa bomba la jinsi hiyo, miaka hiyo, na muuzaji aliyekuwa akiapa. Miguu yake ilikuwa ya bati jembamba. Ukiligusa ili ulenge, nyota inayumba kama karabai ya mvuvi kwenye mawimbi, na ikitulia tayari dunia imezunguka na nyota imeshatoka nje. Lilikaa juu ya kabati miaka mitatu, kisha watoto wakatoa lenzi zake wakachomea karatasi kwa jua. Hiyo ndiyo kazi nzuri pekee liliyowahi kufanya.

Sasa picha za vitabuni. Kamera hufungua jicho lake ikaliacha wazi dakika nyingi, hata masaa, nuru ikidondoka tone kwa tone kama mtungi uliowekwa chini ya bomba linalovuja. Jicho la binadamu haliweki akiba. Linatumia nuru iliyoingia sasa hivi, na inayofuata inakuta ile ya kwanza imeshasahaulika. Rangi nayo ina masharti yake: chembe za jicho zinazotambua rangi zinataka mwanga mwingi, na ukipungua zinalala, zinabaki kazini zile za kijivu. Anika kanga nyekundu uani usiku usio na mbalamwezi. Utajua ni kanga, rangi utabahatisha. Hata mtu akikupeleka kwenye darubini ya kioo cha milimita 300, galaksi utaiona ya kijivu.

Kwa hiyo kazi uliyofanya Novemba ilikuwa sahihi, ila hakuna aliyekuambia umefika. Ulichokiona ni kiini cha Andromeda, sehemu yake inayong'aa zaidi. Galaksi nzima imetanda angani upana wa nyuzi 3 hivi, kama Miezi mipevu sita iliyopangwa mstari, ila kingo zake ni hafifu mno. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, na mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Nuru iliyoingia jichoni mwako uani Singida ilianza safari baada ya wale waliokanyaga majivu ya volkano Laetoli, miaka milioni 3.6 iliyopita, na kabla ya Zinjanthropus wa Olduvai, ambaye ana miaka milioni 1.75, hajazaliwa. Maeneo yote mawili unayafikia kwa gari ukitokea kwako.

Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan aliiandika Andromeda mwaka 964, akaiita wingu dogo. Alikuwa na macho tu, kama wewe kabla ya darubini. Watu waliendelea kuiona wingu kwa karibu miaka elfu moja, na bado mwaka 1920 wataalamu wawili wakubwa wa Marekani, Shapley na Curtis, walibishana hadharani kama mawingu ya aina hiyo yamo ndani ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, au ni visiwa vinavyojitegemea mbali kabisa. Edwin Hubble ndiye aliyemaliza ubishi. Oktoba 1923, kwa darubini ya Mount Wilson kule California, alipata ndani ya Andromeda nyota inayofifia na kuwaka kwa zamu. Nyota za aina hiyo zilikuwa na kanuni: kadiri zamu inavyochukua siku nyingi, ndivyo nyota yenyewe ilivyo kali. Ukijua ukali wake halisi na ukaona ulivyofifia, umbali unapatikana. Kanuni hiyo aliitoa Henrietta Leavitt mwaka 1912, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, akitumia picha zilizopigwa Arequipa, Peru. Ilibidi zipigwe huko kwa sababu kutoka ofisini kwake Massachusetts wingu hilo halichomozi usiku wowote wa mwaka. Kwako Singida linachomoza. Nitalirudia.

Zile za Mashuke usijilaumu. Ziko umbali wa miaka ya nuru milioni 54 hivi, na moja yao, M87, ndiyo iliyotoa ile picha ya kwanza ya shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali hata nuru haitoki, iliyotangazwa Aprili 2019. Kwa 10x50, hata kwenye giza la Mungu mwenyewe, mzoefu anaambulia nukta mbili tatu zenye ukungu, na asiye na ramani hawezi kuzitofautisha na nyota. Ni mtihani wa kidato cha sita aliopewa mtoto wa darasa la nne.

Nije kwa swali la wanafunzi, ambalo ni zuri kuliko linavyosikika. Kinachowachanganya ni maneno. Kundinyota ni mchoro tu. Chukua Salibu, ule msalaba wa nyota wa kusini: nyota ya juu, Gacrux, iko miaka ya nuru 88; ya chini, Acrux, iko miaka 320. Ni abiria wa daladala moja, wamebanana kiti kimoja na hawajuani. Fungunyota ni ndugu wa tumbo moja: zimezaliwa na wingu moja la gesi, zinasafiri pamoja, na mvuto wao wenyewe ndio unaozishika. Kilimia ni hivyo. Kina nyota zaidi ya 1,000, kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, na kina umri wa karibu miaka milioni 100. Kwa nyota huo ni utoto. Jua letu lina bilioni 4.6. Yale madinosauri ya Tendaguru, Lindi, yaliishi miaka milioni 150 iliyopita. Yangeinua shingo zile ndefu kutafuta Kilimia yasingekiona, kilikuwa hakijazaliwa. Na hesabu yako ya thelathini na kitu iweke kwenye daftari: Galileo mwaka 1610 alichapisha mchoro wa Kilimia wenye nyota 36.

Wazee wa pwani walikuwa na usemi wao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Swali lako limenifikia Mei inaanza, na wiki hizi ndipo Kilimia kinapozama pamoja na jua, mvua za kwenu zikiwa zinaaga. Juni kitazuka upande wa mashariki kabla ya alfajiri, na huko kwenu litakuwa jua tupu. Kikianza kuchomoza jioni, Novemba, watu wanatafuta majembe, na jina lake limekaa humo humo.

Galaksi sasa ni jambo la kiwango kingine. Humo kuna mafungunyota kwa maelfu, na nyota moja moja kwa mabilioni. Kilimia na Salibu na kila nyota unayoiona kwa macho ni vya ndani ya galaksi moja, hii yetu. Kwa hiyo wajibu wanafunzi: hapana, Kilimia si galaksi ndogo. Lakini usifunge mjadala hapo, maana kuna kitu kingine angani ambacho ukiulizwa swali hilohilo juu yake, wataalamu wenyewe wanajikuna kichwa. Kiko kusini, na Mei na Juni ndio msimu wake.

Kinaitwa Omega Centauri. Katikati ya Mei, saa nne usiku, simama umeelekea kusini. Salibu imesimama wima mbele yako. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali, Alfa na Beta Centauri, na Beta ndiyo iliyo karibu na Salibu. Nyoosha mkono, ukunje ngumi. Ngumi hiyo ni kipimo cha nyuzi 10 hivi. Kutoka Beta panda juu ukielemea kulia kidogo, pungufu kidogo ya ngumi moja, utakuta nyota ya wastani, Epsilon Centauri. Endelea na mstari huohuo, mwendo karibu ule ule. Hapo kwa macho matupu pana nyota hafifu isiyotulia vizuri, kama ina vumbi. Inua darubini.

Mara ya kwanza nilipowaonyesha watoto wa jirani, kijana mmoja wa darasa la sita alitazama, akashusha darubini, akachomoa shati kwenye kaptula akaanza kupangusa kioo. "Kuna alama ya kidole," akasema. Nikamwambia tazama tena, na usogeze darubini polepole kushoto na kulia. Alama ya kidole ingesogea na kioo. Hii ilibaki na nyota zake. Akanyamaza muda, kisha akauliza, "Sasa ni nini?" Jaribio hilo la kusogeza lifundishe darasani kabla ya lolote lingine, litawaokoa na aibu nyingi, na litakuokoa wewe na vioo vilivyokwaruzwa kwa shati.

Ni fungunyota, ila la aina nyingine: la tufe. Yale ya aina ya Kilimia ni machanga na yametawanyika, na miaka ikienda yanasambaratika, ndugu kila mmoja njia yake. Ya tufe ni mazee, mengi yana umri wa miaka bilioni 10 na zaidi, na nyota zake zimeshikana kama nyuki waliofunika tawi. Galaksi yetu ina yanayojulikana 150 hivi. Omega Centauri ndilo kubwa kuliko yote: nyota kama milioni 10, umbali miaka ya nuru 17,000. Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa kale, aliliandika kuwa nyota, na jina lake la herufi ya Kigiriki limebaki la nyota mpaka leo, ingawa Edmond Halley aliyekuwa kisiwa cha St Helena alishasema mwaka 1677 kwamba hii si nyota.

Na hapa ndipo swali la wanafunzi linaporudi. Nyota za fungunyota la kawaida huwa rika moja. Za Omega Centauri ni za rika mbalimbali, na hilo limewafanya wataalamu wengi waamini kwamba hiki ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu zamani sana, nyama ikaliwa ukabaki mfupa. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba picha za darubini ya angani iliyopewa jina la Hubble zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 20 zimeonyesha nyota saba katikati yake zinazokimbia kupita kiasi. Kitu kinachoweza kuzizuia zisitoroke ni shimo jeusi lenye uzito wa Majua yasiyopungua 8,200. Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza kama Omega Centauri ni galaksi ndogo, jibu la haki ni kwamba pengine ilikuwa.

Usiondoe darubini hapo. Sogeza mpaka Omega Centauri iwe karibu na ukingo wa chini wa duara unaloliona, kisha tazama upande wa juu wa duara hilohilo, nyuzi nne na nusu juu yake. Kuna doa la mviringo, dogo, hafifu sana. Hiyo ni Centaurus A, galaksi kamili, miaka ya nuru milioni 12 hivi kutoka hapa, mara karibu tano ya umbali wa Andromeda. James Dunlop aliikuta mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia. Watu wa London hawaioni kabisa. Ukiipata, utakuwa umeona mbali kuliko wengi wenye mabomba ya bei mbaya, na umeiona kwa chombo hichohicho unachokidhania kibovu.

Mawingu ya Magellan hayahitaji hata darubini. Ni galaksi mbili ndogo jirani zetu, Kubwa umbali wa miaka ya nuru 160,000, Dogo 200,000. Januari na Februari, saa tatu usiku, tafuta Suheli kusini, nyota kali ambayo manahodha wetu waliitumia mpaka jina lake likawa jina la upande. Shuka ngumi mbili chini ya Suheli, kulia kidogo. Utaona kipande cha wingu ambacho hakiendi na upepo. Hilo ni Kubwa. Februari 1987 nyota moja ndani yake ililipuka, ikaonekana kwa macho matupu, na haijaonekana nyingine ya karibu hivyo tangu enzi ya darubini ianze. Kwa darubini yako utaona ndani ya wingu vinundu vinundu. Kile kikali zaidi ni wingu la gesi linalozaa nyota, linaitwa Tarantula.

Dogo, lile la Leavitt, linafaa zaidi Novemba, na pembeni yake kabisa kuna fungunyota la tufe, 47 Tucanae, la pili kwa ung'avu baada ya Omega. Linaonekana kama limo ndani ya Wingu Dogo, lakini ni abiria wa daladala tena: liko miaka ya nuru 15,000 tu. Tatizo lako ni mvua, najua. Miezi hiyo subiri usiku unaofuata mvua kubwa ya mchana. Vumbi lote limeoshwa, na anga linakuwa jeusi kuliko Agosti yenye moshi wa kuchoma mashamba. Au amka Oktoba saa kumi alfajiri, Wingu Kubwa liko juu tayari.

Novemba ukiirudia Andromeda, elekea kaskazini. Mraba mkubwa wa nyota nne uko juu. Anzia kona yake ya chini kulia, fuata nyota mbili kushuka kulia, ya pili ni Mirach. Hapo kata kona: shuka kushoto nyota mbili ndogo. Pumzi yako iko jirani na ile ya mwisho. Kisha geuka utafute galaksi nyingine, NGC 253, ambayo Caroline Herschel aliikuta mwaka 1783. Karibu inapita utosini kwako. Inaonekana kama kijiti kilichopakwa chokaa kidogo.

Kuhusu namna ya kutazama, mambo ni machache na watu wengi huyadharau yote. Mwezi usiwepo; wiki moja kabla na baada ya mwandamo ndiyo yako. Jicho linahitaji nusu saa gizani kabla halijawa jicho la usiku, na taa moja ya bodaboda inakurudisha mwanzo, kwa hiyo jifunike kanga kichwani, siyo utani, ikuzuie na balbu ya jirani. Simu ifunge kwa karatasi nyekundu ya pipi, tabaka tatu. Usitazame umesimama: tandika mkeka, egemea ukuta, viwiko vikae magotini, au funga darubini kwenye stendi ya kamera. Hela ya bomba nunulia hiyo stendi na kishikio chake, na itabaki.

Halafu usiitazame galaksi usoni. Katikati ya jicho pana chembe za rangi, ambazo nimesema zinalala. Tupa jicho pembeni kidogo, utazame nyota ya jirani huku akili yako ikiwa kwenye doa. Doa litakua. Ukilitazama moja kwa moja litayeyuka. Likikataa kabisa, gonga darubini kidogo kwa ukucha, maana jicho la gizani hushika kinachotikisika upesi kuliko kilichotulia.

Siku shule ikipata fungu, tafuteni darubini ya kioo cha kuakisi, milimita 150, iliyokalia kisanduku cha mbao. Umbo hilo lilienezwa na John Dobson wa California, na fundi seremala wa Singida anaweza kulitengeneza akipewa vioo. Itakusanya nuru mara tisa ya jicho moja la darubini yako, na hapo Omega Centauri haitakuwa doa tena. Itapasuka kuwa nyota, kama mtu amemwaga chumvi kwenye kaniki.

Kwa Mei hii, kabla hujawaambia chochote, mpe kila mwanafunzi karatasi yenye duara na penseli, achore alichokiona juu ya Omega Centauri. Usiwaonyeshe picha kwanza. Nitumie michoro ya Centaurus A. Wengi watachora doa, wengine hawatachora kitu, na wote hao wamesema kweli. Atakayekuletea doa lenye ukanda mweusi katikati, kama lilivyo vitabuni, muulize taratibu ni nani aliyemwazima simu.